Mechi za siku hizi ni ndefu kweli au sisi ndo tumechoka? Namna ya kupima mwenyewe

Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi. Fundi viatu mmoja pale, kila Champions ikichezwa usiku lazima aseme mechi za siku hizi zimerefushwa, zamani mpira wa saa nne unaisha unawahi daladala ya mwisho, siku hizi unatoka banda umiza unakuta kituo kitupu, mbwa tu ndo wanakuangalia. Muuza kahawa anambishia, dakika ni tisini tangu tuko wadogo, yeye ndo umri umeenda usingizi unamuwahi. Wanabishana hivo miezi na miezi na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kalamu akaandika mechi imeanza saa ngapi imeisha saa ngapi.

Mi nlishika. Sio kwamba ni mtakwimu, nlisoma tu takwimu chuoni mihula miwili na nusu ya vitu nlishasahau, ila hii ishu ya kulinganisha wastani wa makundi mawili ni kitu ambacho mtu yeyote mwenye simu na subira anaweza kukifanya. Nawawekea hapa hatua zote na hesabu yake, pamoja na sehemu nliyojikwaa ili wewe usijikwae hapohapo.

Kwanza jua kwamba fundi viatu hayuko peke yake. Kombe la Dunia Qatar 2022, FIFA waliwaambia marefa wahesabu muda wote unaopotea, yaani kushangilia magoli, sabu, majeraha, VAR, vyote virudishwe mwishoni. Tarehe 21 Novemba 2022 Uingereza wakicheza na Iran, kipa Alireza Beiranvand akagongana vichwa na beki wake, basi kipindi cha kwanza tu kikaongezwa dakika 14, na kipindi cha pili Mehdi Taremi akafunga penalti dakika ya 90+13. Mechi iliisha 6-2. Msimu wa 2023/24 Premier League nao wakaanza kuhesabu kwa mtindo unaofanana na huo. Kwa hiyo swali lina mashiko. Ila kuwa na mashiko ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine, mechi moja ya Iran haithibitishi chochote, hata mechi tano hazithibitishi, maana mechi zenyewe kwa asili yake zinatofautiana, moja ina fujo nyingine shwari. Kazi yetu ni kujua kama tofauti tunayoiona inazidi hiyo ya kuyumbayumba kwa kawaida au la.

Hatua ya 1: kubalianeni "urefu wa mechi" ni nini

Hii watu wanairuka wanakimbilia fomula, na hapa ndo kazi yote ilipo. Nisikilize vizuri.

Ukisema mechi imechukua muda gani, unaanzia wapi unaishia wapi? Filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, sawa, lakini mapumziko yamo au hayamo? Sheria ya 7 ya mpira inasema mapumziko yasizidi dakika 15, ila wote tunajua timu nyingine inatoka chumbani ikijivuta. Ukiyaweka ndani unapima kitu kinachomhusu fundi viatu, yaani atafika nyumbani saa ngapi. Ukiyatoa unapima kitu kinachohusu refa, yaani ameongeza dakika ngapi. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na yanaweza yakatoa majibu tofauti.

Afu kuna zile dakika 30 za mechi za mtoano zikiisha sare, hizo zinaingia? Penalti je? Na kuna wale wanaosema urefu halisi ni muda ambao mpira unatembea, ambao mara nyingi haufiki hata saa nzima ndani ya hizo tisini. Mechi iliyosimama kwa mvua au taa kuzima nayo utaifanyaje?

Angalia michezo mingine utaona ni ileile. Kikapu cha NBA ni dakika 48 za saa ya uwanjani, cha FIBA, yaani cha kimataifa, ni 40, lakini ukikaa kuangalia hakuna kinachoisha kwa saa moja, maana saa inasimamishwa kila mara. Besiboli ya Marekani wanapotangaza wastani wa muda wa mechi wanahesabu zile zilizoisha kwa inings 9 tu (ining ni raundi moja ya timu zote mbili kupiga), zilizoongezwa inings wanaziweka pembeni, ili wasichanganye maharage na mawe.

Sasa hakuna jibu moja sahihi hapa. Jibu sahihi ni lile mlilokubaliana na kuliandika KABLA hamjaanza kupima. Mimi kwenye daftari niliandika mstari wa kwanza kabisa: urefu ni kipindi cha kwanza pamoja na nyongeza zake, kujumlisha kipindi cha pili pamoja na nyongeza zake, mapumziko hayamo, mechi za ligi tu. Mstari mmoja. Baadaye utaona nilivyouvunja mwenyewe na nini kilinipata.

Hatua ya 2: andika madai mawili yanayopingana

Kwenye takwimu hauanzi kwa kuthibitisha unachokiamini. Unaanza na dai baridi, lisilo na ladha, kwamba hakuna tofauti, wastani wa kundi A ni sawa na wastani wa kundi B. Vitabuni hilo wanaliita nadharia tete ya kutokuwepo tofauti, wanaliandika H0. La pili, H1, linasema tofauti ipo. Ni kama mahakamani, mshtakiwa anahesabika hana kosa mpaka ushahidi umlemee. H0 ndo mshtakiwa wetu, anayetakiwa kuleta ushahidi ni fundi viatu.

Hapohapo amua mambo mawili mengine. La kwanza, unapima upande mmoja au pande zote? Upande mmoja ni kusema "B ni ndefu kuliko A" basi. Pande zote ni kusema "zinatofautiana", iwe B ndefu au fupi. Ushauri wangu pima pande zote, maana upande mmoja unakurahisishia kushinda na watu wengi wanauchagua baada ya kuona namba, huo ni wizi wa mchana. La pili ni kizingiti, wengi wanatumia 0.05, yaani uko tayari kukubali hatari ya mara tano katika mia ya kusema tofauti ipo wakati haipo. Hiyo 0.05 haikushuka mbinguni, ilizoeleka baada ya Ronald Fisher kuipigia debe miaka ya 1920 na watu wakaichukua mpaka leo. Ukitaka ukali zaidi weka 0.01. Usibadilishe katikati ya safari tu.

Hatua ya 3: kusanya mechi, na sio zile unazozipenda

Kama sampuli yako ni mechi za Simba na Yanga tu basi umepima Simba na Yanga, hujapima ligi. Kama ni zile ulizokumbuka, ndo mbaya zaidi, maana mechi tunazozikumbuka ni zile za kituko, goli la dakika ya 98, refa kazungukwa na wachezaji. Chukua ratiba nzima ya msimu, zipe mechi namba, andika namba kwenye vikaratasi au tumia ile RAND ya Eksel, uchague kwa bahati. Mechi moja isiingie mara mbili, na matokeo ya moja yasitegemee ya nyingine.

Mechi ngapi? Kuna kanuni ya haraka: chukua mtawanyiko (kipimo cha mechi zinavyoyumba kutoka kwenye wastani, tutaupiga hatua ya 5) kipeo cha pili, zidisha kwa 16, gawa kwa kipeo cha pili cha tofauti unayotaka kuinasa. Jibu ni idadi ya mechi kwa KILA kundi, ili uwe na nafasi kama 80 katika mia ya kuinasa tofauti hiyo kama kweli ipo, kwa kizingiti cha 0.05. Tuseme mtawanyiko kipeo cha pili ni 5. Unataka kunasa tofauti ya dakika 3: 16 mara 5 ni 80, gawa kwa 9, mechi 9 kila kundi zinatosha. Unataka kunasa tofauti ya dakika 1: 80 gawa kwa 1, mechi 80 kila kundi. Ona ilivyopanda. Tofauti ndogo ni kama dagaa, ukienda na wavu wa matundu makubwa utarudi mikono mitupu ukidhani baharini hakuna samaki.

Hatua ya 4: kofia kabla ya fomula

Tufanye mfano. Namba hizi nimezitunga mimi kwa ajili ya mazoezi, usije ukazibeba kwenda kubishana nazo kokote. Mechi 8 za msimu wa zamani, kundi A, dakika: 95, 97, 94, 98, 96, 93, 99, 96. Mechi 8 za msimu mpya, kundi B: 100, 97, 103, 98, 95, 101, 99, 99.

Jumla ya A ni 768, gawa kwa 8, wastani 96. Jumla ya B ni 792, wastani 99. Tofauti dakika 3.

Je, dakika 3 ni nyingi? Chukua vikaratasi 16, andika kila namba kwenye karatasi yake, tia kwenye kofia, changanya. Toa 8 bila kuangalia uziite A, zilizobaki B, piga wastani wa kila upande, andika tofauti. Rudisha, changanya, toa tena. Na tena. Unachofanya hapo ni kuigiza dunia ambayo msimu hauna maana yoyote, mechi ni mechi tu, lebo ya A na B imebandikwa kibahatibahati. Njia za kugawa karatasi hizo ziko 12,870, ila hauhitaji kuzimaliza, ukifanya mara 50 tu ushaanza kuona picha. Tofauti nyingi zitakuja sifuri, moja, moja na nusu. Ya 3 au zaidi, iwe juu au chini, kwa namba hizi inatokea mara mbili au tatu hivi katika mia.

Hiyo mara mbili au tatu katika mia ndo p inayoimbwa kila siku. Basi. P ni kipimo cha jinsi ilivyo nadra kupata tofauti kubwa kama yako, au zaidi, kama ukweli ni kwamba hakuna tofauti. Sio uwezekano kwamba H0 ni kweli, sio uwezekano kwamba umekosea, watu hata wenye madigrii wanalichanganya hili. Mimi mwenyewe nlikuwa nakariri tu mpaka siku nlipokaa na kofia na mdogo wangu wa fomu tuu, yeye anachomoa mi naandika, ndo likaniingia.

Hatua ya 5: sasa fomula

Kofia inachosha, ndo maana kuna testi ya t. Ilianzia kwenye bia. William Sealy Gosset alikuwa anafanya kazi kiwanda cha Guinness, Dublin, anahangaika na sampuli ndogondogo, akachapisha njia yake mwaka 1908 kwa jina la kujificha la Student, ndo maana mpaka leo inaitwa t ya Student. Tutakayotumia ni ile iliyorekebishwa na Welch, mwaka 1947, ambayo hailazimishi makundi yawe na mtawanyiko sawa. Tumia ya Welch siku zote, hutajuta.

Unahitaji mtawanyiko, ile mwalimu wa hesabu aliita standadi divieshoni. Kundi A: toa 96 kwenye kila namba, unapata -1, 1, -2, 2, 0, -3, 3, 0. Zipige kipeo cha pili: 1, 1, 4, 4, 0, 9, 9, 0, jumla 28. Gawa kwa 7, sio 8, yaani idadi toa moja. Unapata 4, kipeuo cha pili chake ni 2. Kwa hiyo mechi za A zinayumba kama dakika 2 huku na kule ya wastani.

Kundi B: toa 99, unapata 1, -2, 4, -1, -4, 2, 0, 0. Vipeo: 1, 4, 16, 1, 16, 4, 0, 0, jumla 42. Gawa kwa 7 ni 6. Kipeuo chake 2.45.

Sasa tofauti yenyewe ya wastani inaweza kuyumba kiasi gani? Chukua 4 gawa kwa 8, ni 0.5. Chukua 6 gawa kwa 8, ni 0.75. Jumlisha, 1.25. Kipeuo cha pili, 1.118. Gawa tofauti yako kwa hicho: 3 gawa kwa 1.118 ni 2.68. Hiyo ndo t. Kwa maneno ya mtaani, tofauti ya dakika 3 ni kubwa mara 2.68 kuliko kuyumba kwa kawaida.

Fungua jedwali la t nyuma ya kitabu chochote cha takwimu. Ukiwa unafanya kwa mkono, digrii za uhuru (namba inayokuonyesha usome mstari gani wa jedwali) chukua idadi ya kundi dogo toa moja, hapa 7, unakuwa mkali kidogo lakini salama. Kwa 0.05 pande zote jedwali linasema 2.365. Yako ni 2.68, imepita. Unaikataa H0. Kompyuta ikitumia fomula kamili ya Welch inapata digrii 13.5 na p kama 0.018, sio mbali na kofia.

Usiishie hapo. Toa na mwanya, yaani kuanzia wapi mpaka wapi tofauti ya kweli inaweza kuwa, ambao kwangu ndo wenye faida kuliko hata p: 3, jumlisha na toa 2.15 mara 1.118 (hiyo 2.15 ni ya digrii 13.5), unapata kati ya dakika 0.6 na 5.4. Yaani data inakwambia msimu mpya umerefuka, ila inaweza ikawa nusu dakika na kitu, inaweza ikawa zaidi ya tano. Fundi viatu asishangilie sana.

Kwa wavivu, au tuseme wenye haraka: kwenye Eksel au ile shiti ya Google kwenye simu, weka A safu ya kwanza B safu ya pili, andika =T.TEST(A2:A9,B2:B9,2,3). Hiyo 2 ni pande zote, hiyo 3 ni Welch. Inakupa p moja kwa moja. Kwa baadhi ya simu lazima utumie nukta mkato badala ya mkato, ikikataa jaribu hivo. Kwenye programu ya R ni t.test(a, b) na Welch ndo chaguo lake la kawaida. Kwenye Python, scipy.stats.ttest_ind(a, b, equal_var=False), ukisahau hicho kipande cha mwisho inakufanyia ya zamani.

Nilipojikwaa

Mara ya kwanza nlipofanya na mechi zangu za kweli, nliingiza moja ya mtoano iliyofika zile dakika 30 za baada ya sare, usiku, nimechoka, nikaandika tu dakika zote. Sikuona. Nionyeshe kwa namba zetu za mazoezi kinachotokea. Chukua ile 99 ya mwisho ya kundi B, badilisha iwe 126.

Wastani wa B unaruka mpaka 102.4. Tofauti sasa sio 3 tena, ni 6.4, zaidi ya mara mbili. Ungedhani ushahidi umenenepa si ndio? Piga hesabu. Mtawanyiko wa B unatoka 2.45 unakuwa 9.86. Kuyumba kwa tofauti kunatoka 1.118 kunafika 3.56. T inakuwa 1.79. Jedwali linataka 2.365. Haipiti, p inazidi hata 0.10.

Yaani tofauti imekua na ushahidi umekufa, kwa mechi MOJA. Nlikaa nusu siku natafuta kosa kwenye fomula, nafuta naandika upya, kumbe fomula haina shida, shida ni kwamba nimevunja mstari wa kwanza wa daftari langu mwenyewe. Ile mechi haikuwa ndefu kwa maana tuliyokubaliana, ilikuwa kitu kingine kabisa.

Ila sasa angalia usigeuze hii kuwa ruhusa ya kufuta namba usizozipenda. Mechi ya ligi ya dakika 117 kwa sababu kipa kaumia, hiyo ni mechi ya ligi, inabaki, hata kama inakuharibia. Nliyoitoa mimi imetoka kwa sababu ya sheria iliyoandikwa kabla ya kupima, sio kwa sababu imenikera. Kama una wasiwasi na namba moja ya ajabu, fanya hesabu mara mbili, ikiwemo na isipokuwemo, utangaze zote.

Na kuna michezo ambayo namba za ajabu ndo tabia yake. Tenisi kwa mfano. Wimbledon 2010 John Isner na Nicolas Mahut walicheza saa 11 na dakika 5, siku tatu, seti ya mwisho 70-68. Chukua mechi kumi za saa mbili na nusu kila moja, ongeza hiyo moja, wastani wa mechi kumi na moja unakuwa saa tatu na dakika 17, wakati hakuna hata mechi moja iliyochukua muda wa karibu na huo. Data ya namna hiyo wastani unadanganya, tumia namba ya katikati (ukizipanga fupi mpaka ndefu), au testi ya Mann-Whitney ambayo inaangalia mpangilio wa nani mrefu nani mfupi badala ya dakika zenyewe.

Kama ni mechi ileile mara mbili

Muuza kahawa alileta swali zuri: je kipindi cha pili kinaongezwa dakika nyingi kuliko cha kwanza? Hapa usitumie testi ya juu. Vipindi viwili vya mechi moja vinatoka kwa refa mmoja, timu zilezile, joto lilelile, ni pacha. Chukua tofauti ndani ya kila mechi kisha pima kama wastani wa tofauti hizo uko mbali na sifuri.

Mfano wa kutunga tena, mechi 6, nyongeza kipindi cha kwanza 2, 3, 1, 4, 2, 3, cha pili 5, 6, 5, 6, 6, 5. Tofauti: 3, 3, 4, 2, 4, 2. Wastani 3. Mtawanyiko ni kipeuo cha 4 gawa kwa 5, yaani 0.89. Gawa kwa kipeuo cha 6, unapata 0.365. T ni 3 gawa kwa 0.365, 8.2, na jedwali kwa digrii 5 linataka 2.571 tu. Imepita kwa mbali. Kwenye Eksel ile namba ya mwisho badala ya 3 weka 1.

Vitu vya kuangalia kabla hujatangaza ushindi

Ukilinganisha ligi kumi, kila moja na mwenzake, una jozi 45. Kwa kizingiti cha 0.05, hata kama zote ziko sawa kabisa, jozi mbili hivi zitakuja zinang'aa kwa bahati tu. Mtu akikuletea "nimegundua ligi fulani ndefu kuliko ligi fulani" muulize alijaribu jozi ngapi akatupa ngapi.

La pili, sampuli kubwa sana inaona kila kitu. Ligi kuu ya besiboli Marekani, MLB, ina timu 30 na kila moja inacheza mechi 162, yaani mechi 2,430 kwa msimu. Mwaka 2023 walileta saa ya kumhesabia mrushaji asicheleweshe kurusha mpira, sekunde 15 kama hakuna mtu kwenye besi, 20 kama yupo, na wastani wa mechi za inings 9 ukashuka kutoka saa 3 na dakika 4 mwaka 2022 mpaka saa 2 na dakika 40. Dakika 24! Hapo testi ni kupiga mbu kwa rungu, kila aliyekaa jukwaani aliiona. Ila kwa mechi nyingi hivyo hata tofauti ya dakika tatu ingepita testi vizuri tu, na dakika tatu kwenye mchezo wa saa tatu nani ana shida nazo? P ndogo haisemi tofauti ni kubwa, inasema ni vigumu kuwa ya bahati. Ukubwa uangalie kwenye dakika zenyewe.

La tatu ndo linalowasumbua wengi, testi inasema tofauti ipo, haisemi nani kaileta. Kati ya misimu yako miwili kunaweza kukawa kumeingia VAR, ambayo Kombe la Dunia iliingia 2018, au sabu tano badala ya tatu, zilizokuja 2020 wakati wa korona, au marefa wameambiwa wahesabu kila sekunde. Vyote vinarefusha. Besiboli walau walibadilisha sheria kwa tarehe moja inayojulikana, na bado msimu huohuo walikuza besi na kuzuia mipangilio fulani ya walinzi, kwa hiyo hata pale ukisema ni saa peke yake kuna mtu atakukaba.

Kuandika jibu

Sentensi moja inatosha, ila iwe na vitu vyote. Kwa namba zetu za kutunga ingekuwa hivi: "Urefu ni vipindi viwili na nyongeza zake bila mapumziko, mechi za ligi tu, mechi 8 kila msimu zilizochaguliwa kwa bahati, wastani msimu wa zamani dakika 96, msimu mpya 99, tofauti dakika 3, mwanya 0.6 mpaka 5.4, testi ya Welch pande zote, t = 2.68, p = 0.018."

Kama p imekuja juu ya 0.05 usiandike "mechi zina urefu sawa". Andika "kwa mechi hizi sijaona tofauti ya kutosha", na bandika mwanya hapohapo, maana mwanya wa kutoka dakika -1 mpaka 8 na mwanya wa kutoka -0.2 mpaka 0.3 vyote havipiti testi lakini ni habari mbili tofauti kabisa, wa kwanza unakwambia nenda katafute mechi zaidi.

Na orodha ya mechi zote usiitupe, na ile uliyoitoa iache imeandikwa na sababu yake pembeni. Ukifika kijiweni na karatasi yako muuza kahawa atauliza kama mapumziko yamo. Usimjibu, mwonyeshe mstari wa kwanza.